Namna ya Kujadili Adhabu za Rafu za Hatari katika Soka la Kulipwa

Mchezaji akivunjika mguu mbele ya kamera, mjadala wa adhabu huanza kabla machela haijafika uwanjani, na mara nyingi huwa umeshaharibika kabla ya mapumziko. Mmoja anataka aliyecheza rafu afungiwe maisha, mwingine anashikilia kwamba aliugusa mpira, wa tatu anakumbusha rafu ya msimu uliopita ambayo haikupewa hata faulo, na ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba hakuna wawili kati yao wanaojibu swali moja. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kulijadili jambo hili kwa hoja, awe kwenye kibanda umiza, kwenye studio ya redio au kwenye safu ya gazeti. Mifano yake mingi imetoka Ligi Kuu ya Uingereza na Kombe la Dunia, kwa sababu huko kila tukio lina picha, kila uamuzi una maelezo yaliyotangazwa, na wasomaji wetu wengi waliyaona matukio hayo kwa macho yao.

Yatenge maswali kabla ya kubishana

Rafu moja hubeba maswali manne. La kwanza ni la kisheria: kitendo chenyewe kilikuwa cha daraja gani? La pili linamhusu mwamuzi: kwa mahali aliposimama na kwa vifaa alivyokuwa navyo, angeweza kuona nini? La tatu ni la chombo cha nidhamu: baada ya mechi, mchezaji apewe adhabu gani ya ziada, au asipewe kabisa? La nne hutokea kwa nadra, nalo ni iwapo jambo limefika kiwango cha kupelekwa mahakamani. Kila swali lina ushahidi wake, na jibu la moja halilazimishi jibu la jingine.

Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 11 Julai 2010, pale Soccer City jijini Johannesburg, inaonyesha umuhimu wa kuyatenga. Nigel de Jong wa Uholanzi aliinua mguu akampiga Xabi Alonso wa Hispania kifuani kwa soli ya kiatu. Mwamuzi Howard Webb alitoa kadi ya njano, na baadaye akaeleza kwamba alizibwa na mchezaji mwingine asilione tukio vizuri, na kwamba alipoziangalia picha alijua ilistahili nyekundu. Anayesema uamuzi ulikuwa mbovu analijibu swali la kwanza. Anayesema Webb hakuwa na namna analijibu la pili. Wote wawili wako sahihi, na wanaweza kubishana hadi usiku wa manane bila kugundua hilo. Kwa hiyo kabla hujatoa hoja, sema wazi ni swali lipi unalolijibu, na mwenzako akihamia swali jingine, mkubaliane kwanza kwamba mmehama.

Anza na Sheria ya 12

Watu wengi hubishana juu ya kadi bila kuwahi kuisoma sheria inayozitoa. Sheria za mchezo hutungwa na bodi ya kimataifa inayoitwa IFAB, na zinazohusu faulo zimo katika Sheria ya 12, ambayo inazigawa faulo za kugombea mpira katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni uzembe: mchezaji hakuwa makini au hakuchukua tahadhari, na hapo hakuna kadi. Daraja la pili ni kutojali: mchezaji aliipuuza hatari ambayo mpinzani wake angeipata, na hapo mwamuzi hana budi kutoa njano. Daraja la tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani, na hapo kadi ni nyekundu. Sheria inaongeza kwamba mchezaji anayemrukia mpinzani kutoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au miwili, kwa nguvu nyingi au kwa namna inayohatarisha usalama wake, amecheza rafu mbaya ya kutolewa nje.

Mambo mawili hayaonekani katika maelezo hayo, na kutokuwapo kwake huzima nusu ya mabishano ya kila wiki. Sheria haiulizi kama mchezaji alikusudia kuumiza, wala haimpi msamaha kwa kuwa aliugusa mpira kwanza. Beki anaweza kuupiga mpira vizuri kabisa kisha akaendelea na mguu ulionyooka hadi kwenye ugoko wa mshambuliaji, akastahili nyekundu. Kuugusa mpira ni ushahidi kwamba alikuwa na nafasi ya kuucheza, basi; nguvu na hatari hupimwa kivyake. Ukikutana na mtu anayerudia "lakini aliuchukua mpira", usimbishie kuhusu mguso. Mkubalie, kisha muulize mguu uliishia wapi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba sheria imekuwa ikikazwa hatua kwa hatua. Mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa, ndipo iliposisitizwa kwamba kumkwatua mtu kutoka nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake ni kosa la kutolewa nje. Mshambuliaji wa Uholanzi Marco van Basten alikuwa amekwisha kustaafu miaka mitatu nyuma, akiwa na umri wa miaka 30, kwa sababu ya kifundo cha mguu kilichoharibika. Kwa hiyo anayeileta rafu ya mwaka 1985 na kusema "zamani hizi hazikuwa hata faulo" anasema kweli ya kihistoria isiyomsaidia kwa mechi ya Jumamosi iliyopita.

Jinsi ya kuitazama video

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi kuliko popote, hata kwa wachambuzi wanaolipwa. Mwongozo wa matumizi ya VAR, yaani waamuzi wasaidizi wanaotazama video, unatofautisha kazi za mwendo wa polepole na za kasi ya kawaida: polepole hutumika kwa mambo ya hakika, kama vile mahali mguu ulipogusa au mahali tukio lilipotokea, ilhali nguvu ya kitendo hutazamwa kwa kasi ya kawaida. Sababu yake inaeleweka. Kila rafu ikipunguzwa mwendo huonekana ya kikatili, kwa kuwa mchezaji anaonekana kana kwamba alikuwa na sekunde tatu za kufikiri wakati alikuwa na nusu sekunde. Picha ya mnato ni mbaya zaidi, maana gazeti huchagua ile moja ambamo kiatu kimezama kwenye mguu, na picha hiyo haiwezi kukuambia kama kiatu kilikuwa kinakuja kwa kasi au kinaondoka.

Kwa hiyo itazame kwanza kwa kasi ya kawaida, walau mara mbili, ukijiuliza tu kuhusu mwendo: mchezaji alitoka umbali gani, alikuwa na uwezo wa kujizuia, na alichelewa kiasi gani baada ya mpira kuondoka. Kisha ipunguze mwendo utafute mambo yanayoonekana kwa jicho. Je, goti la mguu ulioingia lilikuwa limekunjwa au limenyooka? Mguu ulionyooka haumezi nguvu yoyote, nguvu yote huishia kwa anayepigwa. Je, miguu yote miwili ilikuwa imeondoka ardhini? Akiwa hewani mchezaji hawezi tena kujirekebisha. Soli ya kiatu ilielekea wapi, na iligusa wapi: juu ya kiatu cha mwenzake, kwenye kifundo, au juu ya kifundo? Na mguu uliopigwa, ulikuwa unatembea au ulikuwa umekanyaga chini ukiwa umebeba uzito wote wa mwili?

Jambo hilo la mwisho husahauliwa sana, na mara nyingi ndilo linaloamua kama mtu atachechemea dakika mbili au atalala hospitali. Tarehe 23 Februari 2008, Birmingham wakicheza na Arsenal, mechi ikiwa katika dakika ya tatu tu, Martin Taylor alichelewa na kuingia kwa soli kwenye mguu wa kushoto wa Eduardo da Silva, juu kidogo ya kifundo. Mguu ulivunjika na kifundo kikatoka mahali pake. Taylor hakuruka kwa miguu miwili wala hakukimbia kutoka mbali, na wenzake walieleza kwa uchungu kwamba hakuwa mtu wa rafu. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na bado kuchelewa, soli na urefu wa mahali palipogusa vinatosha kuifanya kadi nyekundu kuwa uamuzi usio na shaka.

Jeraha lisiwe hakimu

Ukubwa wa jeraha ni ushahidi dhaifu sana wa ubaya wa rafu, lakini una nguvu kubwa juu ya hisia za watu, na hata waamuzi hawajasalimika. Matukio mawili yanapaswa kuwa kichwani mwa kila anayeingia katika mjadala huu.

La kwanza ni la tarehe 3 Novemba 2019 pale Goodison Park. Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton kutoka nyuma, faulo ya kawaida ya kuvunja shambulizi. Gomes alipepesuka, akagongana na Serge Aurier, na kifundo chake kikageuka kwa namna iliyowafanya wachezaji wa pande zote mbili wafunike nyuso zao. Mwamuzi Martin Atkinson alikuwa anaelekea kwenye njano. Ukubwa wa jeraha ulipoonekana, kadi ikawa nyekundu. Maelezo ya ligi yalikuwa kwamba Son alihatarisha usalama wa mchezaji kutokana na yaliyofuata baada ya faulo yake. Tottenham walikata rufaa na chama cha soka cha Uingereza, FA, kikaifuta kadi hiyo.

La pili ni la tarehe 12 Septemba 2021 pale Elland Road. Pascal Struijk wa Leeds alimwingilia kutoka nyuma Harvey Elliott wa Liverpool, kijana wa miaka 18, na kifundo cha Elliott kikatoka. Kadi nyekundu ilitolewa, Leeds wakakata rufaa, rufaa ikakataliwa. Elliott mwenyewe, akiwa anauguza mguu, aliandika mtandaoni kwamba haikuwa kosa la Struijk na kwamba haikustahili nyekundu.

Ukiyaweka matukio haya pamoja, utakuwa na nyenzo ya mjadala mzima. Anayetaka kuonyesha kwamba vyombo vya nidhamu havina msimamo atasema ni faulo mbili zinazofanana zenye rufaa mbili zenye majibu tofauti. Anayetaka kuutetea uamuzi wa pili atasema kwamba Gomes aliumia kwa mgongano uliofuata, wakati Elliott aliumizwa na mguu wa Struijk mwenyewe, ule uliofuata nyuma baada ya mguu wa mbele kuufikia mpira, na kwamba kuteleza kutoka nyuma kwa namna hiyo humfunga mpinzani mguu kati ya miguu miwili. Mimi naona kufutwa kwa kadi ya Son kulikuwa sahihi bila mjadala, na tofauti ya tukio la Struijk ni ya kweli ingawa ni nyembamba. Lakini jambo la kujifunza hapa ni namna ya kubishana. Hoja inayosimama ni ile inayoonyesha tofauti iliyopo kati ya vitendo. Anayeonyesha tofauti ya machozi tu bado hajaanza.

Kuna kipimo chepesi unachoweza kumpa mwenzako. Mwambie afikirie mchezaji aliyeumia ameinuka, amejipangusa nyasi na kuendelea kukimbia, kisha aseme kadi ingekuwa rangi gani. Kipimo hicho hufanya kazi pande zote. Tarehe 8 Juni 1990, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia pale San Siro, Claudio Caniggia wa Argentina aliwaruka wachezaji wawili wa Cameroon waliojaribu kumwangusha, kabla Benjamin Massing hajamfikia kwa mwili mzima na kumzoa, kwa nguvu iliyokitoa kiatu cha Massing mwenyewe mguuni. Caniggia hakuvunjika popote. Ile ni nyekundu leo, ilikuwa nyekundu siku ile, na ingekuwa nyekundu hata kama Caniggia angecheka. Sisi Waafrika tuliishangilia Cameroon ikishinda 1-0 ikiwa na wachezaji tisa, na mpaka leo wapo wanaoisimulia rafu ile kama ujasiri, jambo linaloonyesha jinsi jezi inavyopotosha macho.

Kuhusu nia

Nimesema kwamba kadi haihitaji nia. Adhabu ya baada ya mechi ni jambo jingine, na hapo nia inaweza kupimwa, kwa sharti kwamba kuna ushahidi wake. Tarehe 21 Aprili 2001 Roy Keane wa Manchester United alimkanyaga Alf-Inge Haaland wa Manchester City gotini pale Old Trafford. Alitolewa nje, akafungiwa mechi 3 na kutozwa faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata, katika kitabu cha maisha yake, alieleza tukio hilo kwa maneno yaliyoonyesha kwamba lilikuwa kisasi, na FA ikamfungulia shauri jipya lililoishia kwa mechi 5 zaidi na faini ya pauni 150,000. Tofauti kati ya hukumu mbili haikutokana na video, kwa kuwa video ilikuwa ileile. Ilitokana na kukiri.

Pasipo kukiri, uwe mwangalifu sana na neno "makusudi". Ukilitamka, umejitwisha mzigo wa kuthibitisha kilichomo kichwani mwa mtu, na mpinzani wako hahitaji kufanya lolote ila kukuuliza umejuaje. Uwe mwangalifu pia na hadithi zinazoongezwa chumvi kadiri miaka inavyokwenda. Wengi husema Keane alimaliza maisha ya soka ya Haaland, ilhali goti lililopigwa siku ile lilikuwa la kulia na lile lililokuwa likimsumbua Haaland hadi akaacha kucheza lilikuwa la kushoto. Ukitumia hadithi hiyo bila kuihakiki, mtu mmoja anayeijua atakuvunjia hoja yako yote, hata ile sehemu iliyokuwa sahihi.

Sasa, adhabu iwe kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye nyama zaidi, na ni hapa mjadala wa maana huanza. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaweka kima cha chini cha mechi 2 kwa rafu mbaya na mechi 3 kwa kumshambulia mtu kwa kiwiko, ngumi au teke. Uingereza ina kiwango maalumu: rafu mbaya ni mechi 3. Ujerumani mahakama ya michezo ya chama cha soka, DFB, hupima kila kesi na kutoa idadi yake. Kwetu Tanzania taarifa za Bodi ya Ligi kuhusu wachezaji waliofungiwa hutaja namba ya kanuni iliyotumika, na ni vyema kuisoma kanuni hiyo kabla ya kulalamika kwamba fulani ameonewa. Kiwango maalumu kina faida ya kutabirika na kutompendelea mtu. Hasara yake ni kwamba Taylor alipata mechi 3 wakati Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima, na mtu wa kawaida hawezi kulimeza hilo kirahisi.

Kutokana na hasira hiyo huja pendekezo maarufu kuliko yote: aliyeumiza afungiwe mpaka aliyeumia arudi uwanjani. Ukitaka kulipinga, anza kwa kulipa heshima yake, kwa sababu lina hisia ya haki ambayo watu wengi wanayo na ambayo mechi 3 haziwezi kuiridhisha. Baada ya hapo lipeleke kwenye matukio halisi. Gomes alirudi uwanjani mwishoni mwa Februari 2020, chini ya miezi minne baada ya kuumia. Kwa kanuni hiyo, Son angefungiwa miezi hiyo yote kwa faulo ambayo chombo cha rufaa kiliona haikustahili hata nyekundu, wakati De Jong, aliyempiga mtu teke la kifuani, asingekosa hata mechi moja kwa kuwa Alonso aliinuka. Kisha uliza nani atakayetangaza kwamba majeruhi amepona. Ni daktari wa klabu yake, klabu ambayo huenda inagombea ubingwa na klabu ya yule aliyefungiwa. Na ikiwa aliyeumia ni kinda wa benchi na aliyeumiza ni mfungaji tegemeo wa timu, au kinyume chake, kupona kutakuwa na thamani tofauti sana katika meza ya makocha. Sijawahi kuona mtetezi wa pendekezo hili akilijibu suala la daktari kwa namna inayoridhisha.

Pendekezo la kuongeza mechi kutoka 3 hadi 6 au 10 linahitaji kujadiliwa kwa namna nyingine. Muulize anayelileta, adhabu hiyo inakusudia kumfanya nani afanye nini. Beki anayeteleza ana nusu sekunde; hahesabu mechi. Kocha anayeandaa timu wiki nzima ana muda wa kuhesabu, na klabu inayolipa mshahara wa mchezaji aliyefungiwa ina muda zaidi. Kwa hiyo hoja nzuri ya kuongeza adhabu ni ile inayoeleza jinsi itakavyofika mazoezini, kwa mfano kwa kumfanya kocha aache kuwahimiza vijana wake "wamwonyeshe mapema" winga mwenye kasi. Hoja inayosema tu kwamba wachezaji wataogopa ni dhaifu.

Jambo moja ambalo mashabiki hulisahau ni nani anayefaidika na kifungo. Timu iliyoumizwa mchezaji hufaidika na kadi nyekundu siku ileile, kwa kucheza dhidi ya watu kumi. Mechi 3 zinazofuata huwafaidi wapinzani watatu ambao hawakuumizwa na yeyote, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye anayegombania nafasi na timu iliyoumizwa. Na kadi yenyewe ina uzito tofauti kwa saa: Birmingham walicheza na watu kumi kuanzia dakika ya tatu, wakapata sare ya 2-2, wakati rafu ileile katika dakika ya 89 isingewagharimu karibu chochote siku hiyo. Anayeyajua haya ataweka nguvu zake zaidi kwenye kuhakikisha kadi nyekundu inatolewa papo hapo kuliko kwenye idadi ya mechi za baadaye, na hapo mjadala wa adhabu unakuwa mjadala wa VAR.

Tena VAR yenyewe inaweza kuangalia mahali pasipo. Tarehe 17 Oktoba 2020 kipa Jordan Pickford wa Everton alimwingilia Virgil van Dijk wa Liverpool kwa namna iliyomharibu ligamenti ya goti na kumaliza msimu wake. Kwa kuwa Van Dijk alikuwa ameotea, waliokuwa kwenye VAR walishughulika na suala la kuotea na penalti, na rafu yenyewe haikuadhibiwa kabisa. Mwamuzi wa siku hiyo, Michael Oliver, alikiri baadaye kwamba walizama katika kufuata hatua moja moja na kwamba Pickford alistahili adhabu, kwa kuwa kuotea hakuzuii mtu kutolewa nje. Pickford hakufungiwa baada ya mechi pia, kwa sababu ya kanuni kwamba tukio lililokwisha kutazamwa na waamuzi halifunguliwi upya. Kanuni hiyo ina mantiki, maana bila yake kila Jumatatu ingekuwa siku ya kuchezesha upya mechi za Jumapili, lakini ndiyo inayostahili kubishaniwa na mtu aliyekasirishwa na tukio hilo. Kumtukana Pickford hakusaidii kitu.

Na si kwamba kanuni hiyo haijawahi kupindwa. Agosti 2006 Ben Thatcher wa Manchester City alimpiga Pedro Mendes wa Portsmouth kwa kiwiko, Mendes akazimia uwanjani na kupelekwa hospitali. Mwamuzi alitoa njano. Klabu ya Thatcher ilimwadhibu yenyewe, na FA, ikiona kwamba tukio lilikuwa la kipekee, ikamfungia mechi 8 na kumwekea nyingine 15 za kuning'inia, ambazo angezitumikia tu iwapo angerudia kosa ndani ya miaka miwili. Ukiambiwa kwamba "haiwezekani" kuongeza adhabu baada ya mwamuzi kuamua, lieleze tukio hilo.

Rekodi ya mchezaji nayo ina mahali pake, napo ni kwenye adhabu tu. Mwaka 2010 De Jong alimvunja mguu Stuart Holden katika mechi ya kirafiki ya mwezi Machi, akampiga Alonso mwezi Julai, na mwezi Oktoba akamvunja mguu Hatem Ben Arfa wa Newcastle katika rafu ambayo hakuonyeshwa kadi yoyote. Ligi haikuwa na la kumfanya kwa tukio la mwisho, lakini kocha wa Uholanzi, Bert van Marwijk, alimwondoa kwenye kikosi cha taifa. Kocha ana uhuru wa kuyajumlisha matukio matatu. Mwamuzi wa tukio la tatu hana, na usimdai alitazame kwa macho ya yale mawili.

Mahakama

Hoja ya mahakama itumike mara chache, na itumike kwa usahihi. Kuna njia mbili. Ya madai ni ile aliyoipita kijana wa Manchester United aliyevunjwa mguu mwaka 2003 katika mechi ya timu za akiba dhidi ya Middlesbrough. Mwaka 2008 mahakama ya Uingereza ilimpa fidia ya pauni milioni 4.3 kwa kazi aliyoipoteza. Hapo jeraha, ambalo tulilifukuza kwenye mjadala wa kadi, linarudi kwa haki kabisa, kwa kuwa fidia hupima hasara ya aliyeumia na wala haipimi ubaya wa moyo wa aliyeumiza. Ya jinai ni ngumu zaidi na huhitaji kitendo kilicho nje kabisa ya mchezo. Duncan Ferguson wa Rangers alimpiga kichwa mchezaji wa Raith Rovers mwezi Aprili 1994, mwamuzi hakumpa kadi yoyote, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu jela, akatumikia siku 44 huko Glasgow.